Herufi Moja Katika Damu

Mazungumzo na wazazi na wanafunzi wa uuguzi, juu ya ugonjwa wa SS na watu waliotafuta sababu yake

  

Leo tutazungumza juu ya ugonjwa ambao waganga wanauita drepanositozi. Sisi katika mtaa tunauita kwa kifupi: SS. Wengi wenu mliujua mbele ya kuambiwa jina lake. Ni ule mtoto anayevimba mikono na miguu akiwa na miezi sita au nane. Ni ule anayelia usiku kwamba mifupa inamuuma, macho yake yako manjano, na damu inamwishia mpaka tunamtia damu ya mtu mwingine. Ni ule anayekosa masomo wiki mbili, anarudi, kiisha anakosa tena.

Tumezoea kuanza na dawa. Leo nitaanza na ulizo moja, kwa sababu ulizo hili linaharibu nyumba hata mbele ya ugonjwa kumaliza mtoto. Ulizo ni hili: "Nani ameleta kitu hiki kwetu?"

Majibu mnayajua. Jamaa ya baba inasema: "Ni huyu mwanamke. Katika ukoo wetu hatujaona ugonjwa wa namna hii." Jamaa ya mama inasema: "Kuna mtu amemloga mtoto." Mfumu anaitwa, mbuzi analipwa, mtoto anachanjwa kwa wembe. Mwisho wake mama anarudi kwao na mtoto mgongoni, ao bibi mzee mmoja anaitwa mlozi. Na wakati huu wote hakuna hata mtu mmoja aliyepima damu ya mtoto.

Basi, kuna watu waliotafuta jibu la ulizo hili kwa karibu miaka 50. Hawakumwuliza mfumu, waliiuliza damu yenyewe. Kazi ya namna yao inaitwa biolojia ya molekuli. Jina ni zito, lakini maana si ngumu: ni kutafuta namna uzima unavyofanya kazi ndani ya vitu vidogo sana, vile ambavyo hata mikroskopi yetu ya hospitali haiwezi kuonyesha. Nitawaelezea kazi yao hatua kwa hatua, ili mkiulizwa nyumbani mjue kujibu.

MWANAFUNZI WA MENO KULE CHICAGO

Mwisho wa mwaka 1904 kijana mmoja aliingia katika hospitali ya Wapresbiteri kule Chicago, Marekani. Jina lake Walter Clement Noel. Alikuwa mtu mweusi wa kisiwa cha Grenada, na alikuja Chicago kusoma kazi ya kutibu meno. Alikuwa na kikohozi na homa, na miguu yake ilikuwa na alama za vidonda. Mganga kijana aliyempokea, Ernest Irons, alikamata tone la damu yake na kuliangalia yeye mwenyewe. Aliona ajabu. Globuli nyekundu za damu zinapaswa kuwa za mviringo, lakini hapa nyingine zilikuwa ndefu na zimepindika, sawa mundu wa kukatia majani.

Irons alimwita mkubwa wake, James Herrick. Walimfuata Noel kwa muda mrefu, na mwaka 1910 Herrick aliandika habari hii katika gazeti la waganga. Aliandika alichokiona, sababu yake hakuijua. Noel alimaliza masomo, akarudi Grenada, akatibu meno ya watu wa kwao, na akafa mwaka 1916 akiwa na miaka 32 tu.

Ugonjwa haukuanza siku ile. Wazee wetu wa Afrika waliujua tangu zamani kwa maumivu yake. Lakini hii ilikuwa mara ya kwanza mganga kuandika namna globuli hizi zinavyoonekana. Ninyi wanafunzi, mwangalie vizuri: ufunguo wa kwanza ulipatikana kwa sababu mganga kijana hakuona uvivu kuangalia tone moja la damu.

Mwaka 1927 watu wawili, Hahn na Gillespie, waliongeza jambo lingine. Waliona kwamba globuli hizi zinapindika wakati oksijeni inapopunguka, na oksijeni ikirudi, nyingi zinarudi kuwa za mviringo. Ni kusema kuna kitu ndani ya globuli kinachobadilika pamoja na hewa. Kitu gani?

DAMU INAYOTEMBEA MWENDO MWINGINE

Ndani ya kila globuli nyekundu kuna kitu kinachoitwa hemoglobini. Ndiyo inayoipa damu rangi nyekundu. Kazi yake ni sawa kazi ya mpagazi: inachukua oksijeni kwenye mapafu, inaipeleka mwilini mwote, inaitua, inarudi kuchukua nyingine.

Mwaka 1945 mganga William Castle alimwelezea mtu wa kemia, Linus Pauling, habari ya globuli zinazopindika. Pauling hakuwa mganga, lakini alijua molekuli sawa vile fundi anavyojua mbao. Alifikiri mara moja: ikiwa mambo yanageuka pamoja na oksijeni, basi kosa liko katika mpagazi mwenyewe, katika hemoglobini.

Kazi ya kuhakikisha aliipewa mganga kijana, Harvey Itano. Huyu alizaliwa California, lakini wazazi wake walitoka Japani. Mwaka 1942 alikuwa wa kwanza katika wanafunzi wote waliomaliza chuo kikuu kule Berkeley, lakini siku ya kupokea medali hakuwako. Ilikuwa wakati wa vita, na serikali ilikuwa imefunga watu wa asili ya Japani katika kambi, yeye pamoja nao. Kisha miaka michache, huyu aliyefungwa juu ya damu ya wazazi wake ndiye aliyefungua siri ya damu ya watu wengine.

Itano na wenzake walitia hemoglobini katika maji yenye nguvu ya umeme. Kila molekuli inavutwa na umeme na kutembea kwa mwendo wake. Njia hii inaitwa elektroforezi. Hemoglobini ya mtu mzima ilitembea mwendo mmoja. Hemoglobini ya mgonjwa wa SS ilitembea mwendo mwingine. Na ile ya watu wasiougua, lakini globuli zao zinaweza kupindika? Kwao walikuta hemoglobini mbili zimechanganyika, ile ya uzima na ile ya ugonjwa.

Pauling, Itano, Singer na Wells walitangaza jambo hili mwaka 1949. Waliliita "ugonjwa wa molekuli". Mbele yao hakuna mtu aliyekuwa ameonyesha kwamba mtu mzima, mwenye mikono, moyo na akili, anaweza kulala kitandani na kulia kwa sababu ya kosa katika molekuli ya namna moja tu.

Siku hizi hemoglobini ya uzima tunaiita A, na ile ya ugonjwa S. Kila mtu anapokea fungu moja kwa baba na fungu moja kwa mama. Kwa hiyo kuna watu AA, watu AS, na watu SS. Wazazi wanaopewa karatasi ya laboratwari yenye herufi hizi, sasa mnajua zilitoka wapi.

HERUFI MOJA

Ilibaki kujua: hii S inatofautiana na A kwa jambo gani?

Kule Cambridge, Uingereza, Max Perutz alikuwa anatafuta umbo la hemoglobini tangu mwaka 1937. Alitoka Austria. Kazi ile ilimwomba zaidi ya miaka 20, na mwaka 1962 alipata zawadi ya Nobel pamoja na John Kendrew. Katika laboratwari yake alifanya kazi Vernon Ingram, aliyezaliwa Ujerumani na kukimbilia Uingereza akiwa kijana juu ya mateso ya Wanazi.

Hemoglobini imejengwa kwa vipande vidogo vinavyofuatana sawa shanga katika kamba. Vipande hivi vinaitwa asidi amini. Molekuli moja ya hemoglobini ina kamba nne, na shanga zote pamoja ni 574. Kutafuta shanga moja mbaya kati ya zile zote kulikuwa kazi ngumu sana wakati ule. Ingram alipata njia. Alikatakata hemoglobini vipande vifupi kwa dawa inayokata kamba pahali palepale kila mara. Kisha alitandaza vipande vile juu ya karatasi, na kila kipande kikaacha doa lake. Alifanya hivi kwa A na kwa S, akaweka karatasi mbili pamoja. Kila moja ilikuwa na madoa karibu 30. Yote yalilingana, isipokuwa doa moja.

Hiyo ilikuwa mwaka 1956. Mwaka 1957 alimaliza kusoma kile kipande: katika kamba inayoitwa beta, yenye shanga 146, shanga ya sita imebadilishwa. Pahali pa asidi glutamiki kuna valini. Ni hilo tu.

Na ile kamba inajengwa kwa kufuata maagizo. Maagizo yanakaa ndani ya chembe za mwili, katika kitu kinachoitwa ADN. Umbo la ADN lilijulikana mwaka 1953 kwa kazi ya Watson na Crick, waliosaidiwa na picha za Rosalind Franklin. Ni sawa kitabu kirefu kilichoandikwa kwa herufi nne tu zinazorudiarudia, mpaka zinafika karibu miliardi 3. Shanga ya sita imebadilika kwa sababu katika kitabu hiki kirefu herufi moja imebadilika.

Mtu anaweza kusema: herufi moja ni kitu gani? Andikeni neno "kula". Sasa futa herufi moja katikati, weka nyingine: "kufa". Mtoto anataka kula. Mtoto anataka kufa. Ni herufi moja.

Sasa tunaelewa maumivu ya mtoto. Hemoglobini S ikiisha kutua oksijeni yake, zinashikamana moja kwa nyingine na kufanya nyuzi ngumu. Nyuzi hizi zinasukuma globuli mpaka inapindika. Globuli iliyopindika haipiti vizuri katika mishipa midogo, inaziba njia, na pahali palipozibwa panauma: mifupa, kifua, tumbo, hata kichwa. Tena globuli hizi zinakufa upesi. Globuli nzima inaishi siku 120. Ile ya mgonjwa inaishi siku 10 mpaka 20. Mwili unajitahidi kutengeneza nyingine lakini haufikii, na hivi mtoto anakosa damu. Tena takataka za zile zinazokufa ndizo zinazoleta manjano machoni.

BABA MMOJA, MAMA MMOJA

Mwaka ule wa 1949 watu wawili wengine walileta jibu la ulizo letu. James Neel alipima wazazi wa watoto wagonjwa kule Marekani. E. A. Beet, mganga aliyefanya kazi karibu na sisi, katika Rhodesia ya Kaskazini inayoitwa leo Zambia, alipima jamaa za watu wa kule. Wote wawili walikuta jambo lilelile: mtoto mgonjwa amepata S mbili, moja kwa baba na moja kwa mama.

Nitawaonyesha kwa maharagi. Hapa mezani kuna vikombe viwili, kimoja cha baba na kimoja cha mama. Kila kikombe kina haragi moja jeupe, ndilo A, na haragi moja jekundu, ndilo S. Baba na mama wote wawili ni AS. Hawaumwi. Wanalima, wanabeba mizigo, wanaimba. Hawajui kama wana haragi jekundu. Sasa mama mmoja aje hapa, afunge macho, atoe haragi moja katika kila kikombe. Mara nyingine meupe mawili: mtoto AA. Mara nyingine jeupe na jekundu: mtoto AS, mzima sawa wazazi wake. Na mara nyingine mekundu mawili: mtoto SS.

Katika kila mimba, kati ya njia nne, moja ni AA, mbili ni AS, na moja ni SS. Lakini mshike jambo hili, maana wengi wanalikosea: kisha kila mimba maharagi yanarudishwa katika vikombe. Vikombe havikumbuki. Mzazi asiseme, "Tumeisha kupata mmoja mgonjwa, basi watatu wanaofuata watakuwa wazima." Kuna nyumba yenye watoto watano wazima, na nyumba nyingine yenye wagonjwa watatu wanaofuatana. Hii si hukumu juu yao.

Na ikiwa mmoja tu wa wazazi ni AS na mwenzake ni AA, hawawezi kupata mtoto SS. Ndiyo sababu inafaa vijana wapime damu mbele ya kuoana.

Wanafunzi, neno moja kwenu. Kipimo cha Emmel, kile cha tone la damu lililofungwa chini ya kioo, kinaonyesha tu kwamba globuli zinapindika. Mtu AS na mtu SS wote wawili wataonyesha "ndiyo". Msimwambie mtu kwamba yeye ni mgonjwa juu ya Emmel peke yake. Elektroforezi ndiyo inayotenganisha, na siku hizi kuna pia vipimo vidogo vya haraka vinavyotenganisha A na S.

Basi ule baba aliyesema "kwetu haiko", nusu ya jambo iko kwake. Na mama anayebeba lawama peke yake, nusu tu ni yake, nayo hakuichagua. Aliipokea kwa wazazi wake, nao kwa wazazi wao. Mlozi hana nafasi hapa. Hakuna mtu anayeweza kwenda usiku kubadilisha herufi katika damu ya mtoto wa jirani.

KWA NINI S NI NYINGI KWETU

Ulizo lingine: ikiwa S inaua watoto, kwa nini haikwisha? Aliyejibu ni Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika ya Kusini na kukomalia Kenya. Mwaka 1949 aliona kwamba watu wa AS ni wengi karibu na bahari na karibu na ziwa Victoria, pahali penye mbu wengi, na wachache sana katika milima yenye baridi. Mwaka 1954 alitangaza sababu: mtu AS anakingwa kwa sehemu na malaria kali. Katika inchi za malaria, watoto wa AS waliokoka zaidi, wakakomaa, wakazaa, na S ikaendelea.

Kwa hiyo S si alama ya laana juu ya ukoo. Ni alama kwamba wazee wetu walipigana na malaria kwa miaka maelfu. Lakini msikosee: mtoto SS hakingwi na malaria. Malaria ni adui wake mkubwa.

Katika Kongo, miaka ya 1950, waganga J. na C. Lambotte-Legrand waliwafuata watoto wa ugonjwa huu kule Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa. Waliona kwamba wachache sana walifikia umri wa kuzaa. Mwaka 2009 mganga wa Kongo, Léon Tshilolo, na wenzake walitangaza kazi yao kubwa kule Kinshasa: walikuwa wamepima watoto 31.204 waliozaliwa tu. Kati ya watoto 100, karibu 17 walikuwa AS. Kati ya watoto 1.000, karibu 14 walikuwa SS. Hesabuni watu mliokaa hapa, mtaona kwamba jambo hili si la nyumba moja ao mbili.

AKILI BILA UPENDO

Sasa nitawaambia jambo la kuhuzunisha, maana si vizuri kusifu watu bila kusema yote. Pauling, yule aliyeonyesha hemoglobini S, alipata zawadi mbili za Nobel: ya kemia mwaka 1954, na ya amani mwaka 1962. Lakini mwaka 1968 aliandika kwamba ingefaa kila kijana mwenye S achorwe chale usoni, juu ya kipaji, ili vijana wawili wenye alama moja wasipendane. Alifikiri atazuia maumivu ya watoto. Na miaka ya 1970, kule Marekani, watu wazima wa AS walinyimwa kazi juu ya karatasi ya damu.

Sisi hatuchori mtu usoni kwa sindano. Lakini tunachora kwa midomo. "Huyu ni wa SS, hatamaliza mwaka." "Usioe kwa jamaa ile." "Kwa nini kumlipia masomo?" Hizi ni chale, nazo hazifutiki upesi. Karatasi ya damu ni ya kumsaidia mtu kuchagua akijua. Si ya kumfukuza. Wanafunzi, matokeo ya kipimo ni siri ya mtu. Usiyaseme kwenye kisima. Na ukimwambia mama kwamba mtoto wake ni SS, umwite baba pia, wakae pamoja, wasikie pamoja. Mama asipeleke habari hii nyumbani peke yake.

MATUNDA YA KAZI HII

Mtu atauliza: kujua herufi kunamponya mtoto? Nitajibu kwa mambo matatu.

La kwanza, penisilini. Mtoto SS anashikwa upesi na vijidudu vikali vya damu, na homa ya siku moja inaweza kumwua. Mwaka 1986 mganga mwanamke, Marilyn Gaston, na wenzake walitangaza matokeo ya kujaribu penisilini ya kumeza kwa watoto wadogo kule Marekani, mara mbili kila siku. Magonjwa yale yalipunguka kwa 84 juu ya 100. Walisimamisha jaribio mbele ya wakati, ili watoto wote wapewe dawa. Dawa hii inasaidia zaidi ikianza mapema, na ndiyo sababu ya kumpima mtoto anapozaliwa, tusingoje avimbe mikono.

La pili, hidroksiurea. Mwaka 1948 mganga mwingine mwanamke, Janet Watson, aliona kule New York kwamba damu ya mtoto mchanga inapindika kidogo tu, hata kama yeye ni SS. Mtoto anazaliwa na hemoglobini nyingine, ya tumboni mwa mama, inayoitwa F, nayo inamkinga miezi ya kwanza. Ndiyo sababu ugonjwa unangoja kwanza. Miaka mingi nyuma yake waganga walipata kwamba hidroksiurea inaamsha ile F tena. Lakini watu waliogopa kuitumia Afrika: je, haitaongeza malaria? Basi walijaribu katika inchi nne, Kongo, Angola, Kenya na Uganda. Kwetu ilikuwa kule Kinshasa, katika hospitali ya Monkole, pamoja na Tshilolo. Watoto 606 walipewa dawa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2019: maumivu yalipunguka zaidi ya nusu, malaria ilipunguka kwa nusu, kutiwa damu kulipunguka, na vifo vilipunguka. Dawa hii inataka mganga na kupima damu mara kwa mara. Msiinunue sokoni na kumpa mtoto kwa kukisia.

La tatu ni kukata kitabu chenyewe. Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna walionyesha mwaka 2012 namna ya kukata ADN pahali unapotaka, na mwaka 2020 walipewa zawadi ya Nobel. Mwisho wa mwaka 2023 Uingereza, kiisha Marekani, walikubali dawa ya kwanza ya namna hii kwa ugonjwa wa SS. Wanatoa chembe zinazozaa damu katika mifupa ya mgonjwa, wanakata pahali pamoja ili F iamke, wanamrudishia. Kule Marekani bei yake inapita dolari milioni 2 kwa mtu mmoja. Siwaambii haya ili muuze shamba. Nawaambia ili mjue njia haijafungwa, na ili ninyi wanafunzi mjue kwamba hata kazi hii ya leo inasimama juu ya yale mama mmoja aliyoyaona mwaka 1948 katika damu ya watoto wachanga.

MAMBO YA KUSHIKA NYUMBANI

Mbele ya mambo makubwa yale kutufikia, mtoto wa SS anaokoka kwa mambo haya:

1. Akipata homa, usingoje asubuhi. Umlete hospitali siku ileile.
2. Penisilini asubuhi na jioni, tangu miezi ya kwanza mpaka miaka mitano, sawa vile mganga anavyoagiza. Usiiache kwa sababu mtoto anaonekana mzima.
3. Alale chini ya chandarua kila usiku, na apate dawa ya kukinga malaria aliyoandikiwa.
4. Apate chanjo zote, na asidi foliki.
5. Anywe maji mara nyingi. Asikae katika baridi, asiogelee maji ya baridi.
6. Ujifunze kugusa bandama yake, chini ya mbavu za kushoto. Ikivimba ghafula na mtoto akigeuka mweupe, kimbia naye hospitali.
7. Mdomo ukipindika, ao mkono na mguu wa upande mmoja ukilegea, ni hatari. Njoo saa ileile.
8. Hapana wembe, hapana kuchanja. Damu yake ni kidogo, usiimwage.
9. Aende masomoni. Mwalimu aambiwe amruhusu kunywa maji na kupumzika.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA MKIFIKA NYUMBANI

1. Mtoto SS amepokea ugonjwa kwa nani?
2. Mtu AS ni mgonjwa? Je, anaweza kuacha chandarua?
3. Wazazi wawili wa AS waliozaa mtoto mmoja SS wanaweza kusema nini juu ya mimba inayofuata?
4. Katika ukoo wetu kuna mama ao bibi aliyelaumiwa juu ya ugonjwa huu? Nani atakwenda kumwambia yale tuliyosikia leo?

Ulizo hili la nne ndilo ninalowaomba zaidi. Laboratwari iko wazi kesho asubuhi kwa wanaotaka kupimwa. Wababa, mje pia.